Moshi wa Meli na Miwa ya Busia

Katika miaka ya hivi karibuni yamezuka mazungumzo mengi katika mabaraza ya dunia juu ya moshi wa meli. Yasemwa kwamba meli zinazobeba shehena za mataifa hutoa karibu sehemu 3 katika kila 100 za hewa chafu inayotokana na kazi za binadamu. Kwamba moshi huo waweza kunaswa kabla haujatoka katika dohani, hewa ya ukaa iliyomo ikatengwa, kisha ikageuzwa kuwa mafuta mapya ya kuendeshea meli nyingine. Mwananchi wa Busia au wa Tororo, ambaye kutoka kwake hadi gati la Mombasa ni mwendo wa kilomita zipatazo 900, aweza kudhani kwamba habari hizo hazimhusu.

Zinamhusu sana. Ngano anayonunua, mbolea, dawa, bati la nyumba na gari kuukuu la kukodisha, vyote hivyo vilipanda meli kabla ya kupanda lori. Hata mafuta ni vivyo hivyo. Tangu Julai 2024 Shirika la Mafuta la Taifa la Uganda limekuwa likiagiza mafuta ya nchi hiyo kwa kushirikiana na kampuni ya Vitol; meli huyashusha Mombasa, bomba likayafikisha Eldoret na Kisumu, na kutoka hapo matangi ya barabarani huyavusha Malaba na Busia. Kwa hiyo kila senti itakayoongezwa juu ya safari ya meli, mwenye duka wa Tororo ataiweka juu ya bei, na mnunuzi ataitoa mfukoni bila kuambiwa ilitoka wapi.

Na senti hiyo iko njiani. Mwezi Aprili 2025, huko London, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilikubali rasimu ya kanuni ambazo zingeitoza meli inayovuka kiwango cha uchafuzi dola 100 kwa tani katika daraja la kwanza na dola 380 katika daraja la pili. Oktoba mwaka huo huo, zilipoletwa zipitishwe, mataifa yalipiga kura 57 dhidi ya 49 kuliahirisha jambo hilo kwa mwaka mmoja. Liliahirishwa, halikufutwa. Yatupasa basi tulijue jambo lenyewe, ili siku litakaporudi tusiwe watu wa kupokea hesabu iliyokwisha kupigwa na wengine.

Hebu tutazame kwanza huko kunasa moshi kwenyewe. Katika kila sehemu 100 za moshi wa injini ya dizeli, hewa ya ukaa ni sehemu 5 hivi tu; zilizobaki ni naitrojeni, mvuke na takataka nyingine. Kuitoa sehemu hiyo ndogo ni kazi inayohitaji mitambo mikubwa na moto mwingi, na moto huo hutoka katika mafuta yale yale ya meli. Mwaka 2025 meli ya gesi iitwayo Clipper Eris, mali ya kampuni ya Solvang ya Norway, ilifungwa mtambo wa Wärtsilä unaouosha moshi kwa maji yenye dawa, kisha kuisindika hewa iliyonaswa na kuiweka katika matangi. Ni kazi ya kitaalamu na yastahili heshima. Lakini msomaji na akumbuke kwamba tani 1 ya mafuta mazito ikichomwa hutoa zaidi ya tani 3 za hewa ya ukaa, kwa sababu ukaa wa mafuta huungana na oksijeni ya angani. Nahodha atakayenasa moshi wake wote atafika bandarini na mzigo mzito kuliko mafuta aliyoondoka nayo, na bandari hiyo lazima iwe na mahali pa kuupokea. Mombasa haijajengewa mahali pa namna hiyo.

Njia ya pili ndiyo inayotuleta nyumbani. Kampuni ya Seabound ya London haitumii dawa, hutumia chokaa. Moshi hupitishwa katika makontena yaliyojaa punje za chokaa iliyochomwa, chokaa huifyonza hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe kama lilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Jaribio lao katika meli ya makontena iitwayo Sounion Trader lilitangazwa mwaka 2024 kuwa lilifaulu kunasa karibu sehemu 78 katika kila 100 za hewa ya ukaa iliyopitishwa humo. Ni jambo rahisi kueleweka na mtu yeyote aliyekulia Tororo, mji ambao jina lake na mwamba wake vimehusiana na chokaa na saruji tangu zamani. Milima ya Tororo na Sukulu ni mabaki ya volkeno za kale zilizotapika mawe yenye chokaa, na mawe hayo ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe hapo katika miaka ya 1950, kikabinafsishwa katika miaka ya 1990. Leo hata mawe ya Karamoja hubebwa kwa malori hadi Tororo, na tangu 2018 viwanda vya kusagia saruji vya Hima na Simba vimeongezeka huko Nyakesi.

Sasa, yule achomaye chokaa ajua kwamba jiwe hupungua uzito tanurini. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zilizobaki hazikupotea, zimekwenda angani, nazo ni hewa ya ukaa tupu. Juu yake kuna moshi wa kuni au makaa yaliyochoma tanuri. Ni dhahiri basi kwamba chokaa iliyochomwa katika tanuri lenye bomba wazi, hata ikiifyonza hewa yote iwezayo kule baharini, itakuwa imerudisha kile kile ilichokitoa nchi kavu, tena bila kulilipia lile deni la kuni. Huko Brevik, Norway, wameliona jambo hilo. Kiwanda cha saruji cha Heidelberg Materials kilifunguliwa mtambo wake wa kunasa hewa ya tanuri Juni 2025, wenye uwezo wa tani 400,000 kwa mwaka, na hewa hiyo huzikwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Chokaa iliyotumika melini ikirudishwa katika tanuri la namna hiyo, hesabu yaweza kukamilika. Lakini tuangalie vizuri: wao wanaizika. Hawaifanyi mafuta.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Neno mafuta jadidifu limeanza kutumiwa ovyo. Mtu akichukua hewa iliyotoka katika mafuta ya petroli, akaichanganya na haidrojeni akapata methanoli, akaiuza, mnunuzi akaichoma, hewa ile ile itakwenda angani. Ilicheleweshwa safari, haikuzuiwa. Ukaa uliochimbwa ardhini umetumika mara mbili badala ya mara moja. Hilo ni jema kuliko kutumika mara moja, na sitalidharau, lakini si jadidifu. Kadhalika hewa ya jiwe la chokaa: jiwe lilikaa na ukaa wake kwa mamilioni ya miaka, tukiutoa na kuufanya mafuta tumeuongeza katika anga. Mafuta hustahili kuitwa jadidifu pale tu ambapo ukaa wake ulitolewa angani na mmea, au na mtambo, muda mfupi kabla, na huko huko unarudi ukasubiri kuvutwa tena. Haidhuru mtambo ni mzuri kiasi gani. Swali la kwanza ni ukaa huu ulitoka wapi.

Mpaka wetu una majibu yote mawili, yakiwa karibu kabisa. Upande mmoja yapo matanuri na saruji. Ipo pia Tororo mitambo ya umeme ya Electro-Maxx, iliyojengwa kuchoma mafuta mazito, yale yale yachomwayo na meli kubwa. Mtu akitaka kuuona moshi wa meli bila kufika Mombasa, ni huo. Mitambo hiyo ilikuja wakati wa shida ya umeme, na tangu bwawa la Bujagali lilipoanza kazi kamili mwaka 2012 imekuwa zaidi ya akiba kuliko ya kazi ya kila siku. Kufunga kifaa cha kunasia moshi katika injini ambayo dawa yake ilikwisha kupatikana, nayo ni maji ya Nile, ni kutibu jeraha lililopona.

Upande wa pili ipo miwa. Wilaya na kaunti za mpaka huu zimejaa miwa. Upande wa Kenya viko viwanda vya sukari vya Busibwabo na Olepito, na Mumias haiko mbali. Upande wa Uganda barabara ya kwenda Jinja inapita katika mashamba hadi Kakira. Muwa ukishakamuliwa na sukari kuondolewa hubaki molasi, na molasi ikichachushwa hutoa spiriti. (Wapo wazee watakaonikumbusha kwamba molasi ya Busia imekuwa ikitoa spiriti miaka mingi bila kuhitaji mtaalamu wala leseni. Nakubali, nami nitalirudia jambo hilo kwa sababu nyingine.) Watu wachache ndio wanaofikiri kwamba katika pipa la kuchachushia, kwa kila tani 1 ya spiriti hutoka karibu tani 1 ya hewa ya ukaa, nayo hutoka ikiwa safi karibu yote, si sehemu 5 katika 100 kama moshi wa injini. Haihitaji dawa wala chokaa. Yahitaji kifuniko na bomba. Tena ukaa wake ni ule uliovutwa angani na muwa katika msimu uliopita.

Jambo la kushangaza ni kwamba hewa hii hii ni bidhaa. Kampuni ya Carbacid imekuwa ikiichimba ardhini huko Kereita, Lari, kwa miaka mingi, na kuiuza kwa wenye viwanda vya soda na bia katika nchi hizi. Kwa maneno mengine tunatoboa ardhi ili kuitoa hewa ambayo mapipa yetu ya molasi yanaipuliza bure.

Tupige hesabu ndogo. Kiwanda cha spiriti cha Kakira, kilichoanza 2017, kilijengwa kutoa lita kama milioni 20 kwa mwaka. Kikifanya kazi kwa ukamilifu, mapipa yake yatatoa hewa ya ukaa tani zipatazo 15,000. Tani 1 ya methanoli huhitaji karibu tani 1 na robo tatu ya nusu, yaani kilo 1,375, za hewa hiyo, pamoja na kilo 190 hivi za haidrojeni. Kwa hiyo tungepata tani kama 11,000 za methanoli. Haidrojeni hupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme, na hapo ndipo gharama ilipo: kila tani ya methanoli hula umeme wa saa-megawati 10 hivi. Kiwanda chetu kingehitaji megawati 12 au 13 mchana na usiku, mwaka mzima. Kituo cha umeme wa jua cha Tororo, kilichofunguliwa 2017, kina megawati 10, na jua huchwa, hakitoshi. Lakini Karuma, iliyozinduliwa Septemba 2024, ni ya megawati 600, na nyaya za umeme kati ya Uganda na Kenya zimepita Tororo tangu enzi ya Owen Falls. Umeme upo, na njia ya umeme ipo.

Yafaa pia tuseme ukweli juu ya udogo wa jambo hili. Methanoli ina nguvu isiyofika nusu ya ile ya dizeli kwa uzito ule ule, kwa hiyo tani zetu 11,000 ni sawa na dizeli tani 5,000 hivi. Haziwezi kuendesha meli zote zinazotia nanga Mombasa. Huko Kassø, Denmark, kiwanda kilichofunguliwa Mei 2025 kina uwezo wa tani 42,000 kwa mwaka, na ukaa wake hutoka katika gesi ya samadi na mabaki ya mashamba; kampuni ya meli ya Maersk ni miongoni mwa wanunuzi. Wadenmarki hawakuanza na moshi wa meli ingawa meli wanazo tele. Walianza na kinyesi cha ng'ombe wao. Nasi tuna miwa.

Wapo watakaosema kwamba tumekwisha kujaribu, na historia iko upande wao. Katika miaka ya 1980 Kenya ilichanganya spiriti ya Muhoroni katika petroli iliyouzwa Nairobi. Mitambo ilifanya kazi. Bei ndiyo iliyoshindwa. Makampuni ya mafuta hayakuupenda mpango, spiriti ilipata faida zaidi ikiuzwa nje, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 shughuli ile ilikwisha kimya kimya. Kiwanda cha molasi cha Kisumu nacho kilisimama hakijamalizika kwa miaka mingi, mamilioni ya fedha yakiwa yamezama ndani yake. Mumias ilijenga mtambo wa spiriti mwaka 2012, na ilipofika 2019 ilikuwa mikononi mwa mfilisi huku wakulima wakidai malipo ya miwa yao. Kwa hiyo sisemi kijengwe kiwanda kesho. Nasema kwamba kosa la miaka ile halikuwa la kemia, na yeyote atakayeleta mpango mpya bila kueleza nani atanunua, kwa bei gani, na mkulima atalipwa baada ya siku ngapi, arudishwe alikotoka na makabrasha yake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2020 juu ya mafuta ya mimea inaruhusu kuchanganya spiriti katika petroli, na hapo yaweza kuwa mwanzo mzuri zaidi kuliko methanoli: mapipa yakiwa mengi, hewa nayo itakuwa nyingi.

Liko jambo jingine ambalo sijasikia likizungumzwa na wapenzi wa methanoli, nalo lanitia hofu zaidi ya gharama. Methanoli ni sumu. Haina rangi, harufu yake yakaribiana na ya spiriti, na kiasi kidogo hupofusha au huua. Mwezi Novemba 2000, huko Mukuru, Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100. Mei 2014 maafa kama hayo yalirudi katika kaunti kadhaa za Kenya. Fikiri basi tangi la methanoli limesimama usiku katika foleni ya Malaba, foleni ambayo Januari 2022 ilifika makumi ya kilomita, katika mji ambao waragi na magendo havikuanza jana. Tunakumbuka Sachang'wan, mwaka 2009, watu walipokimbilia petroli iliyomwagika na zaidi ya 100 wakaungua hadi kufa. Wenye njaa hawasomi maandishi ya hatari yaliyobandikwa ubavuni mwa tangi. Ikiwa bidhaa hii itapita mpakani, ipite kwa reli, katika mabehewa yaliyotiwa lakiri, ikiwa imetiwa rangi na uchungu tangu kiwandani. Na kama reli haiko tayari, isubiri reli.

Reli yenyewe ni sehemu ya hoja. Mabehewa na malori mengi yanayopanda na shehena kutoka Mombasa huteremka yakiwa matupu au nusu, kwa sababu nchi za bara huagiza zaidi ya zinavyouza. Nauli ya kwenda na kurudi hulipwa na mzigo wa kupanda peke yake. Bidhaa yoyote ya kuteremsha, iwe methanoli au spiriti, ingeupunguzia mzigo huo, na hapo mwananchi wa Tororo angeona faida hata kama hajawahi kuiona bahari.

Katika rasimu ile ya London mlikuwamo pia mfuko, ambao fedha za tozo zingewekwa humo na sehemu yake kusaidia nchi zinazoendelea. Mfuko wa namna hiyo hufuata macho ya waliouandika, na walioko bandarini huonekana kwanza. Mombasa itaomba gati la kupokelea hewa iliyonaswa melini. Dar es Salaam nayo itaomba. Siyakatai maombi hayo. Lakini atakayelipa tozo ni mlaji wa mwisho wa njia, na mwisho wa njia uko Busia, Tororo, Soroti, Kigali na Goma. Nchi zisizo na pwani zina haki ya kudai kwamba fungu la fedha hizo lipande na barabara ile ile iliyopandishwa bei, lifike katika mapipa ya molasi na katika reli ya Tororo.

Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha lingefaa kulitwaa suala hili kabla ya wajumbe wa nchi zetu kupanda ndege kwenda London. Waitwe wenye viwanda vya sukari waonyeshe vipimo vya hewa inayotoka katika mapipa yao, maana hakuna kazi ya kwanza iliyo rahisi kuliko kupima. Waitwe wenye saruji wa Tororo pia, waseme ni chokaa kiasi gani wanachoma na mawe yake yanatoka wapi, ili siku mfanyabiashara wa ng'ambo atakapotafuta chokaa ya kusafishia moshi wa meli zake, ajue kwamba hataachiwa aondoke na cheti cha usafi huku tanuri likibaki kutufukizia sisi. Na waitwe wakulima wa miwa wa pande zote mbili za mpaka, wakae mezani pamoja na hao wengine, kwa kuwa ukaa unaozungumzwa ni wao walioupanda.